Mahindi ya Mbegu

Mgambo walipokuja kwetu Maguu kutuhamishia kijiji cha ujamaa, baba aliwaomba siku tatu tu, tumalize kuvuna maharage. Walimjibu kwa kumpiga rungu mdomoni. Akaanguka, damu zikamtoka, nao wakaiwasha nyumba yetu ya nyasi huku tunatazama.

Juu ya jiko mama alikuwa ametundika mahindi ya mbegu, yakaushwe na moshi. Mtoto aliyethubutu kuyagusa alichapwa mpaka akome. Paa lilipoporomoka, yote yalidondokea kwenye makaa.

Mama hakulia. Alichukua jembe, akayafukua, akatugawia. “Kuleni,” alisema. “Leo simchapi mtu.”

Tulikula kwa pupa, midomo ikaungua. Sijawahi kula mahindi matamu kama yale. Baba alitafuna kwa upande mmoja, maana meno ya upande wa pili yalikuwa yanacheza, kisha akaanza kucheka. Tukacheka wote, mpaka mgambo mmoja akatufokea tunyamaze.

Mama akamnyooshea hindi. “Kula na wewe, mwanangu. Hilo ndilo shamba letu la mwakani.”

Alilipokea, akala lote. Alikuwa na njaa kama sisi, na sijamsamehe mpaka leo.