Neno la Wizi

Juzi, katika duka moja la Ngamiani, niliona pakiti ya sukari iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, nikacheka peke yangu.

Utotoni, ustadhi wetu wa madrasa alitueleza kwamba Waingereza walichukua neno lao "shuga" kwa Waarabu. Wiki hiyohiyo alikuwa ametufundisha kwamba kutumia kitu cha wizi ni haramu. Mimi nikayaunganisha hayo mawili, na asubuhi iliyofuata mwalimu wa Kiingereza aliponitaka nitamke shuga, nikakataa. Alinipigisha magoti. "Kesho usipolisema, uje na mamako!"

Alasiri nilimkuta ustadhi akitafuna kashata kibarazani, kahawa yake ikinukia tangawizi. Nilimweleza.

"Hata Waarabu walilipata kwa Waajemi," alisema, "na Waajemi kwa Wahindi."

"Kwa hiyo na sukari yetu ni ya wizi?"

Alishusha pumzi. "Mwanangu, nenda kaombe halali kwa mwenyewe, utupumzishe."

Leo najua kwamba neno halina mwizi, kwani aliyechukuliwa hubaki nalo. Siku ile nilijua tu njia ya kwenda kwa Mhindi muuza duka, kwenye harufu ya bizari na mafuta ya taa.

"Shikamoo babu. Naomba unihalalishie neno sukari."

Alinitazama juu ya miwani.

"Nimekuhalalishia, binti. Neno chukua lote. Ile ya kwenye gunia usiguse."

Kesho yake nilitamka shuga kwa sauti iliyofika barabarani.