Msalaba wenye Herufi za Matatu

Baba alipofariki, mama alinituma Homa Bay nitafute fundi wa kuandika jina lake msalabani. Alitaka jambo moja tu: aweze kulisoma. Mama hakwenda shule. Neno pekee alilolijua kwa macho lilikuwa jina la baba, ambalo baba mwenyewe alilichonga kwa kisu kwenye sanduku lao la nguo walipooana, akamfundisha.

Fundi niliyempata kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye matatu, magari ya abiria. Herufi zake alizikata kwenye katoni: nene, za pembe nne, kila kona imepunguzwa kama nati. O ilifanana na dirisha la basi. A haikuwa na mstari wa katikati.

"Huna za kawaida?"

"Siku hizi watu wanataka kitu kama mashine. Mzee alifanya kazi gani?"

"Dereva wa trekta la miwa, Awendo."

"Si unaona? Atafurahi."

Mazishi yalikuwa kesho yake, nikakubali. Nafasi iliyobaki chini ya jina ilimsumbua fundi, akaijaza mistari mitatu myekundu ya mwendo kasi. Akaahidi kuja kumzika mzee.

Nyumbani Lambwe, kaburi lilikuwa karibu na ua, kando ya barabara. Katekista alipofika mahali pa kutaja jina, aliukodolea macho msalaba, akasema, "Ndugu yetu huyu." Mama akasogea, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Si yeye. Siwezi kumzika mume wangu chini ya gari la watu."

Baba mdogo akamsihi tuzike kwanza, jua lilikuwa kali. "Shemeji, marehemu hasomi."

"Mimi ndiye ninayesoma," mama akasema, akaketi juu ya udongo wa kaburi.

Kwaya ilirudia wimbo uleule hadi sauti zikakauka. Fundi aliitwa kutoka jikoni, mdomo bado unatafuna. Akageuza msalaba, akajaribu kuandika nyuma bila katoni zake. Mkono ukatoa dirisha la basi.

Mama akamnyang'anya brashi. Akaagiza sanduku liletwe, nguo zikamwagwa kitandani, nasi tukalibeba hadi kaburini kama jeneza la pili. Akanakili herufi moja baada ya nyingine, zimelegea, zinainama upande mmoja. Alipomaliza akalisoma jina kwa sauti, peke yake. Tukazika.

Maandishi yake yaliangalia nyumba, ya fundi yakaangalia barabara. Baada ya miezi kadhaa mgeni mwenye gunia la mahindi alisimama barabarani mbele ya msalaba, akasubiri sana.

"Mama, gari hili la kwenda Homa Bay linatoka saa ngapi?"

"Hilo halitoki," mama akamjibu, akaenda kumletea maji ya kunywa.