Mgonjwa Aliyemwonea Haya Mama Mkwe

Mwaka jana nilimtembelea hospitalini jirani yangu, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, aliyepasuliwa utumbo siku moja kabla. Nilimkuta muuguzi anamwamuru asimame atembee. Nikamfokea muuguzi.

“Mutu amekatwa tumbo jana, leo unamutembeza? We una roho gani?”

Muuguzi hakupandisha sauti. “Papa, utumbo umelala. Akitembea, utaamka. Akijamba tu, tunajua umeamka, tunaanza kumupa chakula.”

Fundi akamtazama mama mkwe wake, aliyeketi pale na tasbihi, akavuta shuka hadi kidevuni.

“Apana. Mbele ya mama mukwe? Bora nife na njaa.”

Bibi yule akafunga kitenge kiunoni, akampa bega lake. “Simama, mutoto wangu. Utaona haya ukishapona.”

Wakaenda hatua kwa hatua hadi mwisho wa korido. Wakati wa kurudi sote tulisikia. Fundi akafumba macho, na mama mkwe akasema kwa sauti ya kufika uani, “Alhamdulillahi!”

Nilimwomba muuguzi radhi palepale. Siku hizi nikienda kumwona mgonjwa wa tumbo, namuuliza kama ametembea, kisha natoka nje mapema.