Neno la Rafu ya Juu

Kwenye harusi ya mpwa wake, mchonga mawe ya makaburi alishika maikrofoni ambayo hakupewa, akatangaza kwamba hakuna neno la Kiingereza asilolijua, kwani yote yamepita chini ya patasi yake. Watu wakapiga makofi, walikuwa wameshiba.

Karakanani kwake maneno yalikuwa na madaraja. "Dignified" aliliweka rafu ya juu kabisa. Kwa maelezo yake, lilimaanisha mtu mwenye cheo: mkurugenzi, mwalimu mkuu, daktari mwenye dereva. Wapishi na wafagizi aliwapa "hardworking", wakaridhika. Hata mama yake mzazi, aliyefagia ofisi za watu miaka thelathini, alilala chini ya hilohilo, na mwanawe aliona amemtendea haki.

Jumatatu moja akaja dada mmoja, muuguzi. Marehemu mama yake alikuwa dobi wa hospitali. Alitaka neno moja tu chini ya jina, na alitaka lile la rafu ya juu.

"Dada yangu," fundi alisema, "hilo ni koti la wakubwa. Mama litampwaya."

Yule dada hakupandisha sauti. Alipangusa vumbi kitini, akaketi, akasimulia. Siku moja mashuka kumi na mawili yalipotea, msimamizi akamwita mama yake mwizi mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Mama alimaliza kukunja rundo lililobaki, pembe kwa pembe, akavua aproni, akaiweka juu, akaaga kama kila siku, akaenda zake. Mashuka yalipoonekana stoo, wakamfuata nyumbani. Aliwapa chai, wakanywa. Kurudi akakataa.

"Hapo alikuwa na cheo gani, fundi? Hilo neno ni namna mtu anavyojibeba. Halina mshahara."

Fundi alikuna kichwa, vumbi jeupe likamwagika mabegani. Alimkumbuka mama yake na ufagio mkononi, siku bosi alipotupa karatasi sakafuni makusudi. "Imekudondoka, baba," mama alimwambia, akasimama akingoja aiokote. Bosi akaiokota.

Jiwe la dobi lilimchukua siku tatu, herufi tisa. Ijumaa dada akalipitishia kidole, akashukuru, akaondoka nalo.

Jumamosi fundi hakufungua karakana. Alikwenda makaburini na mtaimbo, akang'oa jiwe la mama yake. Neno likishachongwa halifutiki, hutafutwa jiwe jingine. Akapitia kwa muuza marumaru. Kipande cha futi mbili kwa tatu ni shilingi laki moja na elfu hamsini. Akalipa, akapima nafasi ya herufi tisa.