Mti Niliodhani Umekufa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi huko Turkana, mwanangu, na nakusimulia leo kwa sababu kesho unaondoka hapa Malaba kuwapeleka wageni huko huko. Acha kwanza kufunga huo mzigo, keti.

Wakati huo nilikuwa mpishi wa kampuni moja ya watalii. Walinitoa kwenye kibanda changu cha chai hapa mpakani, wakanipandisha lori, tukawapeleka wageni kwenye hifadhi ya jangwa. Niliona mengi: choroa wenye pembe ndefu, mchanga uliojipanga vilima vilima, na lile ziwa la kijani katikati ya ukavu, limejaa mamba. Lakini mimi ni mtoto wa Moding, ambako hata fito ya ua huchipua, nikaidharau ile nchi. Nilisema moyoni, hapa kila kitu kilishakufa.

Tulipiga kambi kando ya laga, yaani mto usio na maji. Makaa yakaniishia. Wageni wanataka chai, bosi anaangalia saa. Nikaona mgunga mmoja hauna jani hata moja, na kwetu mti wa namna hiyo ni kuni. Nikachukua shoka. Pigo la tatu nikaona ndani ni kijani, majimaji yanatoka. Kosa langu liko hapo, sikiliza vizuri: nilijua. Nilijua, na bado nikakata mpaka ukaanguka, kwa kumwogopa bosi.

Zile kuni zilitoa moshi tu. Moshi ukamleta mama mmoja mzee na mbuzi wake. Alikizunguka kile kisiki, akakaa chini. Kiturkana na Kiteso chetu ni ndugu, kwa hiyo hata kujifanya sielewi sikuweza.

"Mtu akilala, kwenu mnamzika?" akaniuliza.

Nikaliweka shoka chini.

"Huu ni mti wa boma letu. Ukame ukizidi, mbuzi wangu huishi kwa maganda yake. Wewe ni mpishi, mwenzangu. Niambie basi, nitawapikia nini?"

Nilimpa sukari, hakuipokea. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda kumponza mwenyeji, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Mwaka uliofuata mvua ilikosa. Tulipopita pale, boma halikuwepo. Yalibaki mafiga matatu na mifupa ya mbuzi. Sisemi mti mmoja ndio uliowamaliza, maana ukame ulikuwa wa wote. Lakini sikupata kujua, na nimezeeka na kutojua huko. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hashuki mgongoni.

Kwa hiyo, mwanangu, waonyeshe wageni choroa na mamba, lakini beba gesi yako ya kupikia. Usikate kitu kabla ya kumtafuta mwenyewe, hata ukitazama pande zote usione mtu, kwani jangwa lina wenyewe. Kilichonyamaza usikiite kimekufa. Na mkono wako ukishajua unakosea, usimame hapo hapo, hata kama bosi amekukodolea macho. Kwenye pigo la tatu, mti wangu ulikuwa bado unaweza kupona.

Haya, malizia kufunga mzigo wako. Mungu akutangulie, na kila boma utakalolipita ulikute na watu wakati wa kurudi.