Mashine Yangu kwa Jina la Mtu Mwingine

Mwanangu Neema, wewe huwezi kuikumbuka siku niliyokukalisha juu ya meza ya mtu huko Mbarara, maana ulikuwa na meno mawili tu. Mimi naikumbuka yote. Meza ilikuwa ya Didasi, wakala wa forodha, yaani mtu anayewatolea wengine mizigo yao mpakani kwa malipo. Ilikuwa mara ya nne ninatoka kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kwenda kwake kudai mashine yangu ya kufuma sweta, na kwa mara ya nne akaniambia bado iko kwenye ghala la serikali, ushuru umepanda.

Nikamwuliza, "Umepandaje? Mashine ni ileile."

Akacheka, akanyoosha mkono, akakugusa shavu pale mgongoni kwangu. "Nyabo, mama yangu, ushuru iko kama huyu toto. Kila siku inakua."

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nilifungua kitenge, nikakushusha, nikakukalisha katikati ya makaratasi yake, na nikasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Huyu anakua kwa sababu ananyonya. Ushuru wako unanyonyeshwa na nani? Na mimi?"

"Toa mtoto kwa meza yangu!"

"Toa mashine kwanza."

Wewe wakati huo ulishaokota mhuri wake ukautia mdomoni.

Watu hupenda nikiwasimulia hapo, wanacheka, wanasema Mama Neema ni moto. Lakini sikuandikii haya ili ucheke. Mimi sijazeeka; mama mwenye mtoto wa miaka saba si mzee. Ila kuna mambo nikisubiri mvi ndipo nikuambie, yatakukuta barabarani kabla yangu.

Nirudi nyuma kidogo. Kufuma nilijifunza kanisani hapa Rubondo, mtaa wetu wa kambini, kwa mashine moja tuliyogombania wanawake kumi na wawili. Shule moja ya Kakiika ikaniahidi kazi: sweta za watoto wote wa darasa la kwanza, mradi niwe na mashine yangu kabla muhula haujafunguliwa. Kaka yangu Pascal, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, akapata mashine iliyotumika, imara kabisa, iliyotengenezwa ng'ambo. Akaituma kwa basi hadi mpakani Mutukula. Karatasi ya basi ilikuwa na jina langu kama mpokeaji, na ndani ya bahasha aliyonitumia aliweka risiti ya dukani.

Nikaelekezwa kwa Didasi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Uko na namba ya mlipa kodi?"

"Mimi mkimbizi, nitaitoa wapi?"

"Basi tunaandika kwa jina yangu. Hakuna shida."

Nilimshukuru! Nilimnunulia na soda.

Usinishangae. Sisi tulifika nchi hii tukiandikwa kwenye kadi za mgao wa chakula za watu wengine. Mwaka wangu wa kwanza nilikula mahindi kwa kadi ya mjomba, nimeandikwa kama binti yake, na kila mwezi alinipimia fungu langu bila kupunguza hata kikombe. Kwa hiyo nilidhani jina kwenye karatasi ni kama mwavuli: aliyenao anakufunika, mvua ikiisha kila mtu anakwenda zake. Hata kuuliza kama mkimbizi anaweza kupata namba hiyo, sikuuliza. Nilijijibu mwenyewe.

Basi Didasi akasema ushuru, nikauza mbuzi. Akasema ushuru tena, nikauza maharagwe ya mbegu. Mara ya tatu nilikopa. Na mimi niliyemaliza sekondari, niliyekuwa nawafundisha wenzangu asilimia, sikumwambia hata mara moja: nionyeshe karatasi.

Sasa siku ile ya meza, mlango wa pili kulikuwa na duka la Hajati Zaituni, mama mtu mzima anayeleta bitenge na mabeseni kutoka nje kwa jina lake mwenyewe. Alisikia kelele. Akaingia, hakumsalimu Didasi, akakuinua wewe mezani, akakutoa mhuri mdomoni, akaondoka nawe. Ningefanya nini? Nilimfuata mwanangu.

Dukani akanipa kiti. "Nyonyesha kwanza." Nikanyonyesha. Akanitazama juu ya miwani. "Kelele unajua. Lakini umekuja na mtoto, hukuja na karatasi. Karatasi yako iko wapi?"

"Iko kwa Didasi, Hajati."

"Hiyo ni yake. Mimi nauliza yako."

Nikapekua mkoba wangu: nepi mbili na nauli ya kurudi. Karatasi ya basi na risiti nilikuwa nimeziacha nyumbani.

Akafungua droo, akanitolea karatasi za mabeseni yake, akanisomesha kama mtoto wa shule. Akasema wenye ushuru hawaangalii bei ya dukani peke yake. Wanajumlisha na nauli ya kuufikisha mzigo, na bima. Ndiyo maana risiti ni muhimu: usipokuwa nayo, watakadiria wao, na makadirio yao hutayapenda. Kisha wanaangalia ni kitu gani. Nguo ina kiwango chake, beseni lina chake, na mashine ya kazi huenda isitozwe ushuru wa forodha kabisa, ibaki kodi nyingine tu. Wakishahesabu, karatasi inatoka na namba yake, nawe unakwenda nayo benki, unalipa, unapewa stakabadhi. "Hiyo inahesabiwa mara moja," akasema. "Haikui. Kinachokua ni pesa ya kulaza mzigo ghalani, kila siku inaongezeka, hiyo kweli. Halafu kuna pesa ya wakala, ya jasho lake. Hiyo mnapatana kabla hajagusa kitu, na mnaandika. Yule amekuchanganyia vyote chungu kimoja, akakiita ushuru, kwa sababu aliona hutauliza."

"Aliona mimi mjinga."

"Aliona una haraka. Mwenye haraka hasomi. Mimi pia, bitenge vyangu vya kwanza, nilitia kidole gumba kwenye karatasi tupu." Akafunga droo. "Sasa nenda ofisi ya ushuru. Taratibu. Mdomo wako uache hapa kwangu."

Safari iliyofuata nilikwenda ofisini na karatasi ya basi na risiti ya Pascal. Karani, binti wa rika langu, alisoma zote mbili. Akasema mambo yaliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine hawezi kunifunulia. Lakini jambo moja anaweza kuniambia: kwenye ghala lao hakuna mashine ya kufuma. Na mashine ya aina ile, akaangalia kitabu chake, ushuru wake wa forodha ni sifuri.

Sifuri, mwanangu! Mbuzi wangu alikwenda kulipa sifuri. Mashine haikuwa mikononi mwa serikali hata kidogo; kama haikuwa kwao, basi ilikuwa stoo kwa Didasi.

"Unaweza kuandika malalamiko," karani akasema. "Lakini utaandika pia jinsi jina lake lilivyoingia."

Nikarudi Rubondo na hilo tumboni. Shemasi wetu alipopata habari alikuja nyumbani jioni, akakaa, akaanza polepole. "Mama Neema, acha ile mambo. Siye tuko bakimbizi. Ukishitaki mutu wa hapa, kesho batakuuliza weye unatoka wapi, fasi gani. Na iko kosa lako ndani. Batakufunga na mutoto mugongoni."

"Shemasi, nikinyamaza mashine ni ya nani?"

"Ya Didasi," akakubali, maana ni mtu wa kweli. "Kwa karatasi, ni ya Didasi."

"Basi acha wanifunge nikiwa nimeandika."

Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Niliharibu kurasa mbili kabla barua haijakaa sawa. Na sitakudanganya kwamba kila kitu kilirudi. Ofisi ilimwita Didasi, hakuwa na stakabadhi hata moja, mimi nikaonywa tu, na mashine ikatoka; ndiyo hii unayoisikia ikigonga chumba cha mbele, na sweta uliyovaa imetoka humo. Mbuzi hakurudi. Kazi ya Kakiika ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na muhula mzima nilifuma soksi.

Kwa hiyo unisikie. Atakayekusaidia kuleta kitu, mlipe jasho lake kwa moyo mweupe, lakini asikukopeshe jina. Uliza kitu chako kinatozwa nini kabla hakijapanda basi, si kikishafika. Pesa ya serikali ilipe benki wewe mwenyewe, na stakabadhi usimwachie mtu akutunzie. Ukiwa na hasira, kaa nayo, ni yako, lakini ipeleke ikiwa na karatasi mkononi. Na kama una kosa ndani ya jambo, litaje mwenyewe kabla hujatajiwa. Mungu akupe mikono yenye kazi, akupe na macho yasiyoona haya kusoma karatasi hadi mwisho, hata kama aliyeileta amesimama anakusubiri.

Barua niliiandika kwa Kiswahili, binti wa Hajati akaigeuza Kiingereza, nikazipeleka zote mbili zimebanwa pamoja. Karani akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Nakala ni hii:

*Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ushuru, Mbarara.*

*Kuhusu: Malalamiko juu ya wakala aliyezuia mashine yangu ya kufuma.*

*Mimi ni mkimbizi, mkazi wa Rubondo, Nakivale. Mashine ilitumwa kwangu na kaka yangu. Karatasi ya basi na risiti nimeziambatanisha. Nilikubali wakala aiingize kwa jina lake. Hilo ni kosa langu, nalikiri, na niko tayari kuulizwa. Baada ya hapo alinitoza mara tatu pesa aliyoiita ushuru, bila stakabadhi hata moja, akiniambia mashine iko kwenye ghala lenu. Haipo.*

*Naomba aonyeshe ushahidi wa kila malipo. Naomba mashine itambuliwe kuwa yangu. Naomba pia nielezwe jinsi ya kupata namba yangu ya mlipa kodi, ili mzigo ujao uandikwe kwa jina langu.*

*Mwenye mashine,*
*Riziki Nabintu*