Mfugaji alimtazama Seba kama anayekagua dume

Nyie wanangu na wajukuu mnaosoma hapa kwenye kundi la familia na Kilosa hamjakanyaga tangu masika, hamna hata haya?

Haya, sikieni yaliyonikuta leo mchana hapa Chanzuru.

Tulikuwa mashineni tunasubiri unga, tunabishana kuhusu mabondia wawili wa uzito wa juu. Huenda wakagombea mkanda.
Mmoja ni wa Dar. Mwingine ni Seba, mjukuu wangu.

Jirani yangu Mama Zuhura akasema, "Yule wa Dar ana mikono mirefu, atamlaza Seba wako."
Nikamjibu, "Mikono mirefu ni ya kuangulia mapapai!"
Watu wakacheka.

Mzee mmoja mfugaji, mgeni kwetu, aliyekuwa anapita na ng'ombe wake wenye kengele, akaomba simu aone Seba anavyopigana.
Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza. Yeye anatazama tu.

Akasema, "Dume hili halioni kushoto. Linageuza kichwa kwanza ndipo lipige."

Nikaichukua simu yangu.

Nikampigia Seba pale pale.
"Mume wangu, ziba jicho la kulia. Unaona nini?"
Nikasikia anafunga mlango.
Kisha akanong'ona, "Bibi, nani kakwambia?"

Nikageuka kumtafuta yule mzee. Barabara nyeupe. Ng'ombe hamna, wala kengele sikuisikia.

Nimeyasema hapa makusudi, asije akasaini pambano. Nanyi mkatazeni!

Seba, nuna upendavyo. Jumamosi njoo na kocha wako. Umwambie mwenyewe habari ya jicho mbele yangu, ndipo nikupakulie.